Polipu adimu za mfuko wa chakula: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mgonjwa akiambiwa "tumekuta kinyama kwenye mfuko wako wa chakula," anachosikia ni saratani. Ninafanya kazi ya uuguzi katika chumba cha kamera, yaani kipimo cha kuangalia ndani ya tumbo kwa mpira wenye kamera unaopitishwa mdomoni, na nimeona sura zikibadilika pale pale kitandani, huku ndugu walioko nje wakianza kupigiana simu kabla kinyama chenyewe hakijafika maabara. Hapa nimekusanya maswali ninayoulizwa zaidi, hasa kuhusu zile polipu ambazo hata mhudumu wa afya anaweza kukaa miaka bila kuiona moja. Majibu haya hayachukui nafasi ya daktari aliyekupima. Yatakusaidia kujua cha kumuuliza.

Polipu ya tumboni ni kitu gani?

Ni kinyama kinachoota kwenye utando wa ndani wa mfuko wa chakula. Wengi wanazijua nyama za puani. Hizi zinafanana nazo kwa umbo, ingawa chanzo ni tofauti. Kuna yenye kikonyo kama uyoga, kuna iliyokaa bapa kama kifungo cha shati. Nyingi hazizidi punje ya harage. Katika kila watu 100 wanaopimwa kwa kamera, kati ya 1 na 6 hivi hukutwa nazo, na wengi wao walikuja kwa kiungulia au maumivu ambayo hayahusiani kabisa na kinyama hicho.

Kwa hiyo nina saratani?

Uwezekano mkubwa ni hapana. Aina nyingi hazigeuki kuwa saratani, au hugeuka kwa nadra sana. Zipo chache ambazo zikiachwa hugeuka, na zipo chache ambazo tayari ni saratani changa yenye sura ya polipu. Ndiyo maana sipendi mgonjwa aambiwe "si kitu hicho, nenda nyumbani" kabla ya majibu ya maabara, na sipendi vilevile atishwe. Siku ya kamera ukweli ni huu tu: tumeona, tumekata, tunasubiri.

Daktari amekiona kwa macho yake kwenye skrini. Kwa nini nisubiri maabara?

Kwa sababu kwenye skrini polipu za aina tano tofauti zinaweza kufanana kama mayai ya kuku mmoja. Jina la polipu hutolewa na daktari wa patholojia, anayekitazama kinyama kwa hadubini baada ya kukatwa vipande vyembamba kuliko karatasi. Daktari wa kamera anaweza kukisia, na mwenye uzoefu hukisia vizuri, lakini matibabu hayapangwi kwa kukisia.

Lipo jambo jingine ambalo husahaulika zaidi, na laiti kila mgonjwa angelijua. Kukipima kinyama peke yake hakutoshi. Utando unaokizunguka nao unatakiwa uchukuliwe vipande. Utaratibu unaofuatwa duniani, uitwao mfumo wa Sydney uliorekebishwa Houston mwaka 1994, unataka vipande vitano: viwili kutoka sehemu ya chini karibu na mlango wa kutokea chakula, kimoja kwenye kona ya mkunjo, na viwili kutoka sehemu ya kati, na vya sehemu ya chini visichanganywe chupa moja na vya sehemu ya kati. Kwa nini usumbufu wote huu? Polipu ndogo iliyoota kwenye utando wenye afya ina maana moja. Polipu ya ukubwa ule ule iliyoota kwenye utando uliosinyaa kwa uvimbe wa miaka mingi ina maana nyingine kabisa, kwa sababu utando wa namna hiyo unaweza kuotesha saratani mahali pengine, mbali na kinyama tulichokikata na kukifurahia. Mara nyingi polipu ni dalili tu. Ugonjwa wenyewe uko kwenye utando.

Kwa hiyo muulize daktari wako swali hili kwa adabu lakini bila woga: "Mmechukua na vipande vya utando wa pembeni, au kinyama tu?"

Dalili zake ni zipi?

Nyingi hazina dalili. Kubwa huweza kuchubuka juu na kuvuja damu kidogo kidogo, mgonjwa asione lolote ila uchovu, kizunguzungu na viganja vilivyopauka. Mama wa makamo aliyeongezewa damu mara mbili bila chanzo kujulikana anastahili kamera. Ikivuja nyingi, choo huwa cheusi kama lami na chenye harufu kali. Usichanganye na choo cheusi cha vidonge vya kuongeza damu, ambacho hakinati wala hakinuki hivyo.

Kuna dalili moja ya ajabu. Polipu yenye kikonyo kirefu iliyoota karibu na mlango wa kutokea inaweza kuchomoza na kuuziba mlango ule, kisha ikarudi yenyewe. Mgonjwa hutapika chakula cha jana, siku mbili anakaa vizuri, kisha anatapika tena. Watu humwambia amerogwa.

Zipi ni za kawaida, ili nijue yangu ni adimu?

Aina mbili hushika sehemu kubwa. Ya kwanza ni polipu za tezi za fandasi, zinazoota sehemu ya juu na ya kati ya mfuko wa chakula. Mara nyingi huhusishwa na kunywa dawa za kupunguza asidi, kama omeprazoli, kwa mwaka mmoja au zaidi. Kwetu dawa hii inanunuliwa duka la dawa kama panadol, na nimekutana na watu walioinywa miaka mitano bila kukumbuka ni nani aliyewaandikia mara ya kwanza. Polipu hizi zikiwa ndogo na mgonjwa hana ugonjwa wa kurithi, si za kuhofia, na nyingine hupungua dawa ikisimamishwa.

Ya pili ni polipu za haipaplastiki. Hizi huota kwenye utando uliochoka kwa uvimbe wa muda mrefu, aghalabu kwa sababu ya bakteria wa H. pylori. Mahali ambapo bakteria huyu ameenea na dawa za asidi hazijatumiwa sana, hizi ndizo huonekana zaidi. Nyingi hazina shari, lakini zikizidi sentimita 1 hatari ya kubeba chembechembe mbaya ndani yake hupanda, na hapo huondolewa.

Baada ya hizo inafuata adenoma. Si ya kila siku, na ndiyo isiyotakiwa kuachwa hata ikiwa ndogo, kwa sababu ni hatua inayojulikana kuelekea saratani. Ikizidi sentimita 2 huenda saratani imeshaanza ndani yake. Huondolewa yote, si kunyofolewa kipande tu.

Zilizobaki ndizo adimu.

Nimekutwa na vinyama vingi mno sehemu ya juu, na sijawahi kunywa omeprazoli. Maana yake nini?

Swali hili nalichukulia kwa uzito mkubwa, hasa akiliuliza kijana. Polipu nyingi za tezi za fandasi kwa mtu asiyetumia dawa za asidi zinaweza kuwa alama ya ugonjwa wa kurithi wa polipu za utumbo mpana, unaotokana na hitilafu katika jeni, yaani chembe ya urithi, iitwayo APC. Mwenye ugonjwa huo huota polipu mamia kwenye utumbo mpana, na akiachwa bila matibabu, saratani ya utumbo mpana humpata karibu bila kukosa, mara nyingi kabla ya kutimiza miaka 50. Hapo vinyama vya tumboni si tatizo kuu. Vinaelekeza kidole kwingine. Kinachofuata ni kamera ya njia ya haja kubwa, pamoja na kuangalia vizuri mwanzo wa utumbo mwembamba, kwa kuwa adenoma huota na huko.

Kuna nduguye aliye adimu zaidi. Mwaka 2012 madaktari walieleza familia tatu, za Australia, Marekani na Kanada, ambazo watu wake walikuwa na zulia la polipu sehemu ya juu na ya kati ya mfuko wa chakula, huku sehemu ya chini ikiwa safi na utumbo mpana hauna shida. Baadhi yao walipata saratani ya tumbo. Ugonjwa huo hujulikana kwa kifupi chake GAPPS, na mwaka 2016 ilibainika kuwa chanzo ni hitilafu ndogo katika sehemu inayoiwasha jeni ile ile ya APC. Kwa watu wa familia kama hizo, kukata polipu moja moja ni sawa na kuteka maji kwa pakacha. Kinachojadiliwa nao ni upasuaji wa kuondoa mfuko wote wa chakula kabla saratani haijaja. Ni uamuzi mzito, na haufanywi kwa kikao kimoja.

Mwanangu ana madoa meusi mdomoni na ameambiwa ana polipu. Vinahusiana?

Inawezekana sana. Unaitwa ugonjwa wa Peutz-Jeghers, kwa majina ya daktari Mholanzi Jan Peutz aliyeueleza mwaka 1921 na Mmarekani Harold Jeghers aliyeuandika kwa kina pamoja na wenzake mwaka 1949. Chanzo ni hitilafu katika jeni iitwayo STK11. Mzazi mwenye nayo humpitishia kila mtoto kwa uwezekano wa nusu kwa nusu, ingawa wapo watoto wanaokuwa wa kwanza katika ukoo wao.

Hapa nataka kuwatuliza wazazi wengi. Kwa sisi watu weusi, ufizi mweusi au wenye rangi ya zambarau ni jambo la kawaida, na hauna uhusiano wowote na polipu. Madoa ya Peutz-Jeghers ni vitone, kila kimoja peke yake, vya milimita 1 hadi 5 hivi, kuzunguka midomo, ndani ya mashavu, wakati mwingine kwenye vidole na kuzunguka macho. Kwenye ngozi nyeusi vile vya nje havionekani kirahisi, kwa hiyo chukua tochi uangalie ndani ya mashavu. Vya midomoni huweza kufifia mtoto akikua. Vya ndani ya mashavu kwa kawaida hubaki.

Kwa mtoto, hatari ya karibu si saratani. Ni polipu kubwa ya utumbo mwembamba kuuvuta utumbo ukajiingiza ndani ya sehemu inayofuata, kama mkono wa shati unavyogeuka ndani nje. Mtoto hulia kwa maumivu yanayokuja na kuondoka, hutapika, na anaweza kutoa choo chenye damu na kamasi. Hiyo ni dharura ya upasuaji usiku huo huo, usisubiri kupambazuke. Mwenye ugonjwa huu huanza kuchunguzwa kwa kamera akiwa na miaka 8 hivi hata kama hana dalili, mapema zaidi akiwa nazo, na akikutwa na polipu hurudiwa kila baada ya mwaka 1 hadi 3. Akiwa mtu mzima atahitaji kufuatiliwa pia kwa saratani za matiti, kongosho na viungo vya uzazi.

Mama ana upungufu wa damu, miguu inamfa ganzi, na amekutwa na vivimbe vidogo vidogo. Ni kitu kimoja?

Huenda ni kitu kimoja, na ukiunganisha habari hizi mapema unamwepushia mama mateso mengi. Kuna ugonjwa ambao kinga ya mwili huzishambulia chembe zinazotengeneza asidi. Chembe hizo ndizo pia zinazosaidia vitamini B12 kufyonzwa, kwa hiyo damu hupungua na mishipa ya fahamu huumia. Mwili ukiona asidi haipo, humwaga homoni ya gastrini kwa wingi kuiamsha, na gastrini hiyo ikizidi kwa miaka huotesha vivimbe vya nyuroendokrini, yaani vya chembe zinazotoa homoni, vidogo, vingi, sehemu ya juu na ya kati.

Hiyo ndiyo aina ya kwanza ya vivimbe hivi, na ndiyo wanayokuwa nayo wengi. Vikiwa chini ya sentimita 1 mara nyingi hufuatiliwa tu au huondolewa kwa kamera, na mgonjwa hupewa sindano za B12 maisha yake yote. Aina ya pili huandamana na uvimbe mwingine unaotoa gastrini, na ni adimu sana. Aina ya tatu huja peke yake, kivimbe kimoja, gastrini ikiwa ya kawaida na utando wa pembeni ukiwa mzima. Hiyo ni kali, huweza kusambaa, na mara nyingi hutibiwa kwa upasuaji kama saratani nyingine.

Umeona kwa nini vipande vya utando vilihitajika? Kivimbe cha aina ya kwanza na cha aina ya tatu vinaweza kusomeka karibu sawa kwenye hadubini. Utando na gastrini ndivyo vinavyovitenganisha, na matibabu yake yako mbali kama mbingu na ardhi. Jambo la kuangalia: omeprazoli nayo hupandisha gastrini. Kama unaitumia, mwambie daktari kabla ya kutolewa damu, akuelekeze usimamishe lini na kwa namna gani.

Majibu ya biopsi, yaani ya kipande kilichokatwa kupelekwa maabara, yanasema utando wa kawaida, lakini kivimbe bado kipo. Maabara wamekosea?

Si lazima. Vipo vivimbe vinavyoota chini ya utando na kuusukuma juu, kama jiwe chini ya zulia. Kibano cha kamera kinanyofoa zulia, jiwe linabaki. Miongoni mwake kuna vivimbe vya mafuta visivyo na madhara, kuna kipande cha kongosho kilichopotea njia tangu mtoto akiwa tumboni mwa mamaye, ambacho kwa kawaida huwa na kishimo katikati, na kuna uvimbe uitwao GIST, ambao unaweza kuwa mbaya. Kuvitenganisha hutumika kamera yenye ultrasaundi kwenye ncha yake, au picha ya CT. GIST yenye shari hutolewa kwa upasuaji, na kwa wengi hutumika dawa ya vidonge iitwayo imatinibu.

Katika kundi hili la vinavyoota chini kuna pia polipu ya Vanek, iliyoelezwa na Josef Vaněk mwaka 1949. Hupenda sehemu ya chini ya mfuko wa chakula, na ni mojawapo ya zile nilizosema huziba mlango. Si saratani, na ikishatolewa kwa kawaida hairudi. Mgonjwa wa namna hii hutoka chumbani kwetu akiwa amepona kweli, na siku hiyo sisi wote tunakula chakula cha mchana kwa furaha.

Nimesoma kuhusu polipu zinazoambatana na kunyonyoka nywele na kucha. Ni kweli?

Ni kweli. Unaitwa ugonjwa wa Cronkhite-Canada, na hilo la pili si jina la nchi. Ni la Wilma Canada, aliyeueleza pamoja na Leonard Cronkhite mwaka 1955. Huwapata zaidi watu waliopita miaka 50, haurithiwi, na wagonjwa wengi wameripotiwa Japani. Mgonjwa huharisha, hukonda, hupoteza ladha ya chakula, nywele na kucha hutoka, ngozi huweka mabaka meusi, na kamera hukuta polipu tele tumboni na kwenye utumbo huku umio ukiwa salama. Zamani ulikuwa ukiua kwa utapiamlo. Sasa hutibiwa kwa lishe ya nguvu na dawa za jamii ya steroidi, kwa muda mrefu.

Kipimo cha kamera kinauma? Naogopa kumeza mpira.

Hakiumi, kinasumbua. Koo hupuliziwa dawa ya ganzi, na ukitaka unaweza kuomba sindano ya kukutuliza, ila siku hiyo usiendeshe gari wala pikipiki na uje na ndugu. Usile kwa saa 6 hadi 8 kabla. Kuangalia tu huchukua dakika 5 hadi 10; kukata huongeza muda. Pumua kwa pua, acha mate yatiririke yenyewe, usiyameze, na usione aibu kwa kucheua. Sisi tumezoea.

Wanaoogopa huwa nawasimulia historia kidogo. Mwaka 1868 Adolf Kussmaul, daktari wa Freiburg huko Ujerumani, alitaka kuangalia ndani ya tumbo la mtu aliye hai kwa bomba la chuma lililonyooka, na ilibidi amtumie mwanamazingaombwe aliyezoea kumeza panga. Mwaka 1957 Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Afrika Kusini, alikitengeneza chombo cha kwanza chenye nyuzi za kioo zinazopinda, akakipitisha kwanza kooni mwake yeye mwenyewe kabla ya kukipitisha kwa mgonjwa. Mpira wa leo ni mwembamba kama kidole kidogo.

Polipu inaondolewaje?

Ndogo hunyofolewa kwa kibano. Yenye kikonyo hutiwa kitanzi cha waya, kikakazwa na kupitishiwa umeme unaokata huku ukikausha damu. Iliyokaa bapa hudungwa maji chini yake ili inyanyuke mbali na msuli, ndipo ikatwe. Kwa kubwa zaidi kuna mbinu iliyoanzia Japani ya kuuchuna utando wote ulioshika kinyama kwa kisu kidogo cha umeme, ili kinyama kitoke kizima. Inahitaji daktari aliyefundishwa mahususi. Hospitali za rufaa kama Muhimbili, KCMC, Bugando na Kenyatta zina vitengo vya kamera, lakini si kila mbinu hufanyika kila mahali. Kuelekezwa kwingine si dharau, ni kukutendea haki.

Hatari kubwa ni kutoka damu. Ukuta wa mfuko wa chakula una mishipa mingi, na damu inaweza kutoka pale pale au siku kadhaa baadaye, hata wiki mbili. Kutoboka hutokea, ila kwa nadra. Ukirudi nyumbani ukatapika damu, ukaona choo cha lami, ukazimia, au tumbo likakaza kwa maumivu, rudi hospitali usiku huo huo. Pumziko la siku chache, chakula laini, hakuna pombe, na dawa ya asidi utakayoandikiwa uimalize. Safari hii omeprazoli ina kazi yake, kuponya kidonda.

Natumia dawa za kulainisha damu.

Sema mapema, siku unapopangiwa, si ukiwa umeshalala kitandani. Wafarini, klopidogreli na dawa mpya za aina hiyo hupangiwa utaratibu na daktari wa kamera akishauriana na daktari wa moyo. Usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe. Mtu mwenye vali bandia ya moyo akiacha wafarini kiholela anaweza kupata kiharusi.

Kutibu H. pylori kunaweza kuondoa polipu bila kukata?

Kwa polipu za haipaplastiki, ndiyo, mara nyingi. Katika utafiti wa Japani uliochapishwa mwaka 1998, kati ya wagonjwa 15 ambao bakteria aliondolewa kabisa, 12 walikutwa polipu zao zimetoweka katika kipindi cha miezi 3 hadi 15. Kwa hiyo kama polipu ni ndogo na biopsi haina ubaya, kutibu kwanza kisha kurudia kamera ni njia nzuri. Lakini maliza dozi, kwa kawaida siku 14, hata vidonge vikikuchachusha mdomo. Kisha upimwe kama ameondoka kweli, kwa kipimo cha choo au cha pumzi, angalau wiki 4 baada ya antibiotiki na wiki 2 baada ya kuacha dawa ya asidi. Kipimo cha damu hakifai hapa, kwa sababu alama zake hubaki damuni muda mrefu baada ya bakteria kufa. Naona watu wakitibiwa mara tatu kwa karatasi ya kipimo cha damu peke yake, na inaniuma.

Na mitishamba? Shubiri, muarobaini?

Hakuna mti ninaoujua uliothibitishwa kuondoa polipu. Simkatazi mtu kwa dharau, kwa kuwa najua bibi zetu walituponyesha mengi. Ninachoomba ni uniambie unachokunywa, kwa sababu baadhi huongeza kutoka damu, na usitumie mitishamba kuahirisha kamera. Tahadhari kubwa zaidi iko kwenye vidonge vya maumivu, diklofenaki na ibuprofeni, ambavyo huchubua tumbo na watu huvimeza kama pipi.

Watoto na ndugu zangu wapimwe?

Kwa polipu ya kawaida, hapana. Kwa polipu za kurithi, ndiyo, hata kama wanajisikia wazima. Ni mazungumzo magumu, hasa pale familia inapogeuza ugonjwa kuwa lawama kwa upande wa mama au wa baba. Waambie hivi: jeni haina ukoo wa kulaumiwa, na anayejua mapema ana nafasi ambayo marehemu babu hakuipata.

Nirudi lini kwa kamera nyingine?

Inategemea jina lililotoka maabara. Baada ya kuondolewa adenoma, kwa kawaida ndani ya mwaka 1. Polipu ndogo za tezi za fandasi kwa mtu asiye na ugonjwa wa kurithi mara nyingi hazihitaji kurudiwa. Utando uliosinyaa sehemu kubwa hufuatiliwa kila miaka 3 hivi, hata kama hakuna polipu iliyobaki.

Majibu yangu hayajatoka hadi leo. Nisubiri tu?

Usisubiri tu. Naomba uyafuatilie kama unavyofuatilia hati ya kiwanja. Hospitali moja niliyowahi kufanya kazi, bibi mmoja alikatwa polipu akarudi kijijini, akasema wakimhitaji watampigia. Majibu yalitoka yakiwa adenoma yenye mabadiliko makali, ukingo wake haukuwa safi, yaani huenda nyingine ilibaki tumboni, na karatasi ikakaa kwenye faili miezi saba kwa sababu namba ya simu ilikuwa ya mjukuu aliyebadilisha laini. Alipoletwa tena alikuwa hawezi kumeza uji. Tulikuwa tumekiona kinyama, tumekikata, kimesomwa vizuri, na bado tulimpoteza.

Kwa hiyo kabla ya kutoka hospitali, uliza kama gharama ya patholojia imelipwa, kwani mara nyingi hulipwa peke yake na chupa isiyolipiwa inaweza kukaa dirishani. Uliza majibu yatatoka tarehe gani na nani atayapokea. Acha namba mbili za simu. Na yakishatoka, chukua nakala ya ripoti ya kamera na ya patholojia, yote mawili, uyaweke pamoja na cheti chako cha kuzaliwa.